Tawi Mdomoni mwa Askofu

Wako watu ambao balaa huwafuata na rungu. Mimi lilinifuata limebeba shada la maua, likabisha hodi kwa adabu na kusema hongera.

Waliokosa gazeti la Jumamosi iliyopita niwasogeze karibu. Naitwa Sjef Kuijpers, wa Tilburg huku Uholanzi, mtaa wa nyumba za matofali zilizobanana bega kwa bega. Kiwanda cha sufu kilipofungwa nilibaki na mikono miwili isiyo na kazi. Mke wangu Dien naye akaugua mishipa, miguu ikamgomea, na usiku maumivu yakawa yanamtafuna. Shirika la nyumba likatufanyia wema: likapanua milango, likatengeneza bafu la kuingia na kiti cha magurudumu, kitanda chake kikawekwa sebuleni. Nyumba ya namna hiyo mtu haipati mara mbili.

Chai ya bangi ndiyo peke yake iliyomlaza. Ile ya kununua dukani, maana kwetu huuzwa wazi, ilimpeleka moyo mbio. Basi nikamwambia nitampandia mwenyewe darini, miche mitano, pale dirishani, ya matumizi ya nyumbani tu.

Mitano. Ishikeni namba hiyo. Miche mitano ya dirishani, hapa kwetu polisi hukohoa na kupita. Lakini ukitundika taa na feni, hata mche mmoja ni kiwanda. Hapo shirika la nyumba halibishani na mtu: unarudisha ufunguo, unatoka na kitanda chako.

Mimi nilitundika taa. Nikafunga feni. Na miche haikuwa mitano, ilijaza nusu ya dari.

Maficho yangu yalikuwa njiwa. Mimi ni mfuga njiwa wa mbio, wale wanaoachiwa mbali washindane kurudi nyumbani, kama baba yangu. Nusu ya mbele ya dari, penye dirisha la paa, ni banda lao. Nusu ya nyuma, ng'ambo ya ukuta wa mbao, ndiko lilikuwa shamba langu. Mtaa mzima ulizoea kuona mwanga kwangu, maana wafuga njiwa wote tunacheza na taa: tunawapa ndege kiza na mwanga kwa zamu ili wasinyonyoke manyoya msimu wa mbio. Harufu je? Kinyesi cha njiwa. Mngurumo wa feni? Njiwa. Nilijiona mjanja kuliko sungura, nikasahau kwamba sungura naye siku moja alinaswa.

Wiki hii naungama kosa ambalo mkulima yeyote wa bangi wa Uholanzi atanicheka nalo mpaka ashike mbavu. Mfuga njiwa peke yake ndiye atakayenielewa.

Wenye akili zao hununua vipandikizi vya majike, wakalala usingizi. Mimi nilitaka mbegu. Nilitaka kuiona mbegu ikipasuka. Nikazilaza kwenye karatasi mbichi juu ya mtambo wa kupashia nyumba joto, nikawa nachungulia kila baada ya muda kama mkunga. Ya kwanza ilipotoa mkia mweupe, mdogo kuliko ukucha, nilikaa sakafuni nikalia. Sikumwambia mtu.

Mama mmoja wa sokoni aliyeniuzia mbegu alikuwa amenionya.

"Mbegu haina jike wala dume mkononi, Sjef. Utajua baadaye. Dume hutoa vifuko, jike hutoa nywele. Ukiviona vifuko tu, ng'oa. Usimpe hata kwaheri."

"Kwani dume lina kosa gani?"

"Kosa lake ni hilo hilo la kuwa dume. Likimwaga unga wake, majike yote yanashika mimba, nguvu inaishia kwenye mbegu. Utakuwa umelima chakula cha ndege."

Nikacheka. Chakula cha ndege! Mimi nina ndege tele.

Madume niliyang'oa, nakiri, bila huruma. Isipokuwa moja. Lilikuwa lile la kwanza, lile lililonitoa machozi. Kila nikilishika shina, mkono unalegea. Na hapo ndipo kichwa changu cha mfuga njiwa kiliponiponza.

Sisi tuna mtindo tunaouita ujane. Dume la njiwa hutengwa na mke wake wiki nzima. Siku ya kwenda mbioni anaoneshwa mke kidogo tu, kisha anatiwa kapuni. Akiachiwa huko Ufaransa, anaruka kama mtu aliyesikia nyumba yake inaungua. Hamu ndiyo petroli yake.

Nikajisemea: kama hamu inamrudisha njiwa kutoka Limoges, itashindwaje kukuza ua? Nikaliweka dume langu pembeni ya majike, nikatundika katikati pazia la zamani la Dien. Waonane kidogo. Watamaniane.

Pazia lenyewe lilikuwa la lesi. Na feni ilikuwa inapuliza kutoka upande wa dume.

Nilipokuja kushtuka, kila jike lilikuwa limejaa mbegu kama mahindi ya kuchoma.

"Sjef," Dien aliniita jioni moja, kikombe mkononi. "Hii chai ya siku hizi vipi? Ni kama umesuuzia sufuria."

"Mwaka mbaya kwa mimea."

"Mwaka mbaya, ndani ya nyumba?"

Usiku ule nilimsikia anauma shuka. Nilikuwa juu, nakung'uta mbegu, naye chini anauma shuka. Hilo linanichoma hadi leo ninapoandika.

Mbegu zilikuwa zinapukutika sakafuni, zinabingirika chini ya ukuta wa mbao. Njiwa wakagundua. Aliyegundua mwanzo alikuwa Askofu.

Askofu ni njiwa dume mwenye kola nyeupe na kitambi, mwenye kutembea kama anakwenda kubariki watu. Mbioni hakuwahi kunifaa kwa lolote. Mwaka juzi alirudi siku ambayo nilikwisha kumfuta kwenye hesabu ya walio hai. Sasa akawa anajipenyeza chini ya ukuta, anakula mbegu za bangi hadi anashindwa kupita kurudi. Na taa za shambani zikawa zinampenyezea mwanga kwenye nyufa saa zote zisizo za kawaida.

Nilimtia kapuni kwenda Limoges ili tu nipumzike kumwona.

Jumamosi alasiri simu ikalia. Alikuwa Nelis, mwenyekiti wa chama chetu cha njiwa, mzee ambaye hajawahi kupiga simu ila kwa msiba.

"Sjef, umekaa?"

"Nimesimama."

"Basi kaa. Askofu wako ni wa kwanza."

"Wa kwanza chamani?"

"Nchi nzima, bwana! Uholanzi nzima inatazama mkia wa Askofu!"

"Mashine ya kusoma pete za njiwa imekosea, mzee Nelis. Itazameni tena."

"Mashine haina shemeji wala mjomba. Kesho mchana tunakuja. Desturi unaijua."

Naijua. Njiwa akishinda nchi nzima, mwenyekiti huja na maua, wenzake huja na kiu, mpiga picha huja na kamera, na wote hupanda hadi bandani. Bingwa hupongezwa kwake. Kumkatalia mwenyekiti mlango ni kama kumfukuza padri na sakramenti mkononi.

"Nitamshusha sebuleni," nikasema. "Ngazi zangu mbovu."

"Ulipanda ngazi za mwenzetu Tinus alivyoshinda yeye, ukahesabu hadi chawa wa njiwa wake. Sasa zamu yako. Andaa kahawa."

Nikakata simu.

"Nani huyo?" Dien akauliza.

Nikamwambia. Mliosoma tangu mwanzo mnamjua Dien, mtu wa kujibu kwa nyusi. Basi siku ile alipiga makofi. Alipiga makofi kitandani kama msichana.

"Wageni! Sjef, tutapata wageni! Mpigie Wout, aje naye! Nitie dawa ya nywele. Nunua mikate ya soseji, ile ya mwokaji wa kona, si ya dukani. Na keki!"

Wout ni shemeji yangu, kaka yake Dien. Ni polisi. Ufunguo wa nyumba yetu anao, kwa ajili ya siku Dien akianguka na mimi sipo. Nilimpigia huku naomba asipokee. Akapokea.

"Mchana nipo zamu," akasema. "Nitapita jioni. Hongera, shemeji! Sikujua unaweza kushinda kitu."

Jumapili tangu asubuhi nilikuwa napanda na kushuka ngazi. Nilizima taa. Nikatundika mablanketi kwenye ukuta wa mbao. Nikafikiri kuing'oa mimea yote niitie kwenye mifuko. Lakini mifuko niipitishe wapi? Mbele ya kitanda cha Dien, mlango wa nje upo hapo hapo. Na kusema kweli, mkono uligoma. Nikakaanga vitunguu, sufuria nzima, nyumba ikanuka kama kambi ya jeshi.

"Tunapika nini?" Dien akauliza.

"Harufu ya furaha."

"Ina vitunguu vingi hiyo furaha."

Kitu kimoja sikukigusa, saa ya umeme inayowasha taa yenyewe jioni. Nilisema wageni watakuja mchana, watakula, wataondoka. Kuichomoa kungevuruga ratiba ya mimea. Ndiyo, wasomaji wangu, nyumba yetu inaning'inia kwenye uzi, na mimi naihurumia ratiba ya mimea.

Walichelewa. Walikuwa wamepitia kwa mwenye baa, wakampongeza Askofu kwa bia kabla ya kumwona. Walipofika, Nelis alikuwa na shada kubwa kuliko kifua chake, Tinus alikuwa na sura ya mtu aliyemeza ndimu, na nyuma yao binti wa gazeti, Maartje, na kamera shingoni.

Tukakaa duara, viti vimezunguka kitanda cha Dien, kila mmoja na kipande chake cha keki kwenye sahani. Dien alikuwa malkia. Alicheka kila kichekesho cha Nelis, hata vile vilivyokwisha kuoza.

"Mama Dien, siri ya mume wako nini?" Nelis akauliza.

"Hata mimi sijui. Mume wangu mimi namsikia kwa nyayo tu. Anaishi huko juu."

Wakacheka. Mimi pia nikacheka, kwa kuchelewa.

"Askofu huyu huyu?" Tinus akasema. "Aliyerudi mwaka juzi baada ya postamasta kustaafu?"

"Huyo huyo."

"Unampa nini?"

"Mapenzi."

"Mapenzi hata mimi nawapa wangu, na wanarudi kwa miguu."

Kahawa ikafuatiwa na kahawa, kisha kinywaji kikali cha vikombe vidogo. Nilikuwa natazama saa ya ukutani mpaka Dien akaniuliza kama nina treni. Jua la kiangazi bado lilikuwa juu, lakini saa ya umeme haijui jua.

"Haya," Nelis akasimama. "Twendeni kwa Askofu."

Tukapanda. Nilitangulia mimi. Kwa ajili ya picha nilikuwa nimemtia Askofu pamoja na mke wake, watu waone familia. Nelis akamkamata kwa mikono miwili, taratibu, akafungua bawa moja kama mtu anayefungua kitabu cha sala.

"Mama yangu," akanong'ona. "Tinus, njoo uone. Hajaangusha hata unyoya mmoja. Mwezi huu! Wangu wote wamekuwa kama ufagio wa zamani."

Tinus akainama akatazama. Chuki ikamtoka usoni, ikabaki heshima tupu. Njiwa ana uwezo huo kwetu.

Na hapo nyuma ya ukuta ikasikika: tak.

Kisha mvumo wa feni. Kisha mwanga, ule mwanga wa njano mzito, ukachomoza chini ya mablanketi na kwenye kila ufa, ukatupiga viatuni.

"Ahaa!" Tinus akafoka. "Ahaa, Sjef Kuijpers! Kumbe!"

Nikafumba macho. Niliona kitanda cha Dien barabarani.

"Anawawashia taa kubwa!" Tinus akaendelea. "Zile za kukuzia mimea kwenye nyumba za vioo! Ndiyo maana manyoya hayatoki! Fungua tuone umezipangaje!"

Taa! Alidhani ni taa za njiwa! Nilitaka kumbusu kipara chake.

"Sifungui."

"Fungua, usiwe bahili!"

"Tinus." Nelis alisema bila kugeuka. "Banda la mtu ni banda la mtu. Ulipoulizwa kuhusu maji ya kitunguu saumu unayowanywesha njiwa wako, ulitufungulia?"

Tinus akanywea. Nami nikavuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Nimepona, nikasema moyoni. Kumbe mtu asiseme amepona kabla hajafunga mlango.

"Mweke chini sasa," Maartje akasema. "Nimpige akiwa anatembea."

Nelis akamweka Askofu sakafuni. Bwana mkubwa akajitikisa, akatupa jicho kwa mke wake kwenye bakuli la kiota, akageuka, akaenda moja kwa moja hadi ukutani, akainamisha kichwa chini ya blanketi, akapotea.

"Anakwenda wapi?" Tinus akauliza.

"Kule... anapenda kivuli."

"Kivuli, chini ya taa ile?"

Kabla sijapata uongo mwingine, Askofu akarudi. Kifua mbele. Na mdomoni amebeba tawi.

Njiwa dume hufanya hivyo akirudishiwa mke wake. Humletea vijiti vya kiota. Lakini wengine huleta majani makavu ya tumbaku tunayowawekea. Askofu alileta kilele kibichi cha jike langu bora, majani yake yamefunguka kama vidole vya mkono, akasimama katikati ya mwanga ule akiwa ameinua shingo.

"Msisogee!" Maartje akapiga kelele. "Mtu asisogee! Njiwa wa Nuhu!"

Pa. Pa. Pa. Kamera ikammulika.

Nelis akafuta jicho. "Njiwa wa Nuhu kabisa," akasema. "Kola ile! Tazameni kola ile!"

"Na kifua," Tinus akasema. "Hata kiota anajenga kwa maringo."

Wasomaji, naapa. Wanaume wawili wazima wa Tilburg, waliozaliwa na kukulia mji ambao kila mtaa una dari inayonuka, walitazama tawi la bangi kwa karibu na hawakuliona. Waliona unyoya. Waliona jicho. Walibishana kuhusu urefu wa bawa. Mfuga njiwa akishatazama njiwa, kitu kingine chochote duniani kimekwisha. Na binti yule alikuwa akiangalia picha, si jani.

"Ni nyanya," nikasema, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Tukashuka. Nilikuwa natabasamu. Maartje akaenda kando ya kitanda, akamwinamia Dien.

"Mama, ngoja nikuoneshe bingwa wenu. Picha ya mwaka hii."

Akampa kamera aone kwenye kioo chake kidogo. Dien akavaa miwani. Akatazama. Nikaona nyusi zake zikipanda, zikakaa huko huko juu.

"Nzuri sana," akasema polepole. "Itatoka lini?"

"Kesho asubuhi. Ukurasa wa kwanza, nadhani. Jumatatu hakuna habari."

"Ukurasa wa kwanza. Yenye rangi?"

"Yenye rangi, mama. Ile kijani itapendeza!"

"Mwanangu," nikadakia, "hakuna nyingine? Akiwa hana kitu mdomoni?"

Maartje akacheka. "Baba, hiyo ndiyo habari yenyewe!"

Wakatoka wakiimba. Nelis alinikumbatia mlangoni, akasema baba yangu angekuwa hai leo angelia. Nikafunga mlango, nikabaki nimeupa mgongo. Sikuthubutu kugeuka.

"Sjef."

"Naam."

"Njoo hapa. Siwezi kukufuata, kwa hiyo njoo."

Nikaenda, nikakaa kwenye kiti cha Nelis kilichokuwa bado na joto lake.

"Kile kilele kilikuwa kinene kama ngumi yangu," Dien akasema. "Hakijaota dirishani. Na mwanga ule wa njano pichani si wa jua. Usinifanye mtoto. Miche iko mingapi?"

"Mingi."

"Mingi mingapi?"

"Nusu ya dari."

Akavua miwani, akaiweka juu ya shuka. Afadhali angenitukana.

"Kesho mji mzima utakuwa na picha ile juu ya meza ya chai," akasema. "Wale wazee wawili ni vipofu wa njiwa. Mji si kipofu. Mtu wa shirika la nyumba naye anakunywa chai asubuhi. Unajua nyumba ngapi zina mlango wa kupitisha kitanda hiki? Watanipeleka kwenye nyumba ya wagonjwa, Sjef, na wewe utapewa chumba mahali. Tutakuwa tunaonana saa ya wageni, kama njiwa wako."

"Nilifanya kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu mitano ilitosha."

Alisema kweli, na mimi nilikuwa nimelikimbia neno hilo muda wote. Basi nililitoa. Nilimwambia kwamba kiwanda kilipofungwa hakuna kitu duniani kilichonihitaji saa ya kuamka. Yeye alihitaji daktari, muuguzi, vidonge. Mimi nilikuwa wa kuchemsha maji. Lakini kule juu, nikichelewa kumwagilia, vinanyauka. Nikiwahi, vinainuka. Mbegu niliyoilaza mimi mwenyewe ilipasuka. Nikawa siwezi kuacha, nikaongeza, nikaongeza tena.

"Hata lile dume," nikasema. "Nililihurumia. Ndilo lililoharibu chai yako."

"Dume gani?"

Nikamweleza. Ujane, pazia, feni. Nilitegemea hasira. Akaanza kutikisika. Nikadhani ni maumivu, kumbe ni kicheko.

"Pazia langu la lesi!" akasema. "Umeitundikia bangi pazia la harusi yetu ili itamaniane!" Akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha kicheko kikakatika, akanitazama kwa namna ambayo sikuwa nimetazamwa siku nyingi. "Nipandishe."

"Wapi?"

"Juu. Kabla hawajaja kung'oa. Nataka kuona ulikokuwa unaishi."

"Dien, ngazi ile..."

"Ulikuwa unabeba marobota ya sufu mgongoni. Mimi ni mzito kuliko robota?"

Hakuwa mzito. Hilo ndilo lililoniumiza. Nilimbeba mgongoni, mikono yake ikanizunguka shingo, pumzi yake sikioni, nikapanda naye hatua kwa hatua nikiwa nimeshika ubao wa ngazi. Kule juu nikasukuma mablanketi kwa bega, nikaufungua mlango wa mbao.

Mwanga ukatumwagikia sote. Majani yalikuwa yanacheza kwa upepo wa feni. Lile pazia la lesi lilikuwa pale pale linapepea, na nyuma yake dume langu, limekonda, limekwisha kazi yake.

Dien alitazama muda mrefu. Sikuuona uso wake, maana ulikuwa nyuma ya kichwa changu. Nilihisi tu kidevu chake kikitua begani pangu.

"Kumbe ulikuwa huku," akasema. "Miezi yote hii mimi niko chini naongea na televisheni, wewe ulikuwa huku, kwenye joto na mwanga."

Nililia. Nililia kama nilivyoililia mbegu, ila safari hii kulikuwa na mtu wa kunisikia.

Chini, ufunguo ukazunguka mlangoni.

"Hongera kwa wenye nyumba!" Sauti ya Wout, na viatu vyake vya zamu kwenye vigae. "Nimeleta keki! Dien?"

Nikamwona kwa akili amesimama mbele ya kitanda kitupu.

"Dien? Dien!" Sauti ikabadilika. "Sjef! Dien yuko wapi?"

"Nyamaza," nikamnong'oneza Dien. "Atadhani tumetoka. Nakuomba."

"Nitoke niende wapi, kwa miguu ipi?"

"Dien, huyo ni polisi."

"Huyo ni kaka yangu. Na kesho asubuhi atanunua gazeti." Mikono yake ikanikaza shingoni. "Nimechoka, Sjef, kukaa nyuma ya pazia."

Akavuta pumzi. Mke wangu, ambaye kwa mwaka mzima hakuwa na nguvu ya kuita hadi jikoni, aliita kwa sauti iliyowaamsha njiwa wote.

"Tuko huku juu, Wout! Panda!"

Viatu vikaanza kukwea ngazi, vidato viwili kwa mpigo. Na mimi mikono yangu yote ilikuwa imemshika mke wangu, sina hata mmoja wa kuzimia taa.